Namna ya kujifunza maneno ya Kiingereza kwa kufuata njia yalizopitia, kwa sisi watu wa Mombasa

Wengi tulifunzwa Kiingereza kwa listi. Mwalimu aandika maneno ubaoni, wayakariri usiku, Ijumaa testi, Jumatatu ushasahau yote na yaja listi nyengine. Mimi nafunza watu wazima hapa mjini, vijana wa kliaring (wale wanaotoa mizigo bandarini), madada wa hoteli za Nyali na Bamburi, madereva wa tuktuk wanaotaka kupiga stori na watalii, na listi nishaitupa kitambo. Tunachofanya ni kulifuata neno kule lilikotoka. Manake maneno mengi ya Kiingereza yamepita bahari hii hii yetu, kwa Waarabu, Waajemi, Wahindi, Wareno, na Kiswahili nacho kimechota kwa hao hao, kwa hivyo neno unaloliona gumu mara nyingi ndugu yake unaye mdomoni tangu utoto. Na kuna faida nyengine ambayo listi haikupi kabisa, ukijua neno limepitia mikono ya nani wajua pia ni nani ataumia ukilitamka mbele yake.

Haya, twende kazi.

Daftari kwanza, na usipange kwa A B C

Nunua daftari la kawaida, ligawe kwa njia: kurasa za Waarabu na Waajemi, za Wahindi, za Wareno, za Wagiriki (utaona kwa nini), za Waafrika wenzetu, alafu nyuma kabisa tenga kurasa chache uziandike MANENO YA KUCHUNGA. Kila neno liandikie vitu vinne, neno lenyewe kwa Kiingereza, ndugu yake wa Kiswahili kama yupo, njia lililopita, na sentensi moja ambayo umeisoma au umeisikia kweli kweli mahali, sio ya kujitungia. Hiyo ya nne ndo watu wanaikwepa na ndo yenye kazi, neno bila sentensi laruka tu.

Daftari lenyewe ndo mfano wa kwanza. Wagiriki wa kale ngozi ya mnyama waliiita diphthera, na ngozi ndo ilikuwa yaandikiwa, neno likaingia Uajemi na Uarabuni likawa daftar, sisi tukalipokea tukaongeza i yetu pale nyuma. Huku Ulaya nako daktari mmoja Mfaransa, Pierre Bretonneau, karne ya 19 akawa anachunguza ugonjwa unaotanda utando mgumu kama ngozi kooni mwa mtoto, akaupa jina kutoka neno lile lile la Kigiriki, na Waingereza leo wasema "diphtheria". Dondakoo hiyo. Kina mama mshaliona kwenye vitabu vya kliniki, upande wa chanjo. Nina mwanafunzi alikuwa hawezi kuliandika, zile ph na th zamchanganya, tangu nimwambie ni daftari hilo lilopitia njia ya pili halijampotea tena.

Kalamu ni hivyo hivyo. Kigiriki kalamos ni tete la kuandikia, Waarabu wakasema qalam, Warumi calamus. Sasa Waitaliano walipomuona ngisi, ana wino wake ndani na ule mfupa laini mwembamba kama kalamu, wakamwita kwa jina la kidau cha wino, na leo ukikaa hoteli ya pwani menyu yaandika "calamari". Ni yule yule ngisi wa wavuvi wetu, akiitwa hivyo tu bei yapanda.

Na hii ndo naipenda kuliko zote. Karatasi, karata na kadi. Maneno matatu ya Kiswahili, mzee wao mmoja, khartes ya Kigiriki. Karatasi imetujia kwa Waarabu, karata imekuja na mabaharia wa Kireno, kadi imekuja na Waingereza. Ukishashika hapo, kwa Kiingereza wapata "card", "chart", "charter", "cartographer" anayechora ramani, "cartridge" ya risasi na ya wino wa printa, hata "cartoon", manake ilianza kama mchoro kwenye karatasi nzito. Sita kwa mpigo na hukukariri hata moja. Ongeza mwenyewe almasi na "diamond", kanuni na "canon", sabuni na "saponification" kwa walio kwenye kemia.

Kurasa za Waarabu na Waajemi

Hapa ndo mtaji mkubwa wa mtu wa Pwani uko, na hasa ukiwa umepita chuoni, yani madrasa, kuna maneno utayatambua mizizi yake kabla hujafungua kamusi. Sukari "sugar", kahawa "coffee", limau "lemon", zafarani "saffron", hizo nyepesi ziandike upesi uende mbele. Zenye raha ni zile ambazo sura inafanana na maana imetangatanga.

Hazina. Waarabu stoo waliiita makhzan, zikiwa nyingi makhazin, mzizi ni ule ule wa hazina yetu. Ulaya likawa "magazine", kwanza stoo ya bidhaa na baruti, ndo mpaka leo kile kisanduku cha risasi kwenye bunduki chaitwa "magazine". Alafu mwaka 1731 London, Edward Cave akatoa jarida akaliita The Gentleman's Magazine, akimaanisha stoo ya mambo ya kusoma, na jina likashika kwa majarida yote. Kwa hivyo ukisoma habari za vita ukakuta "magazine exploded" usifikiri gazeti limelipuka.

Taarifa. Kiarabu kujulisha, kutangaza, na kwa wafanyabiashara wa bahari ya Mediterania ikawa ile orodha ya bei na ushuru inayotangazwa, Kiitaliano tariffa, Kiingereza "tariff". Vijana wa kliaring hili mwalitumia kila siku, kitabu cha bei za bandari ni tariff, ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ni Common External Tariff. Maana haikwenda mbali sana ila usije ukaandikia bosi barua ukasema wampa "tariff ya mkutano".

Amiri, kama amiri jeshi mkuu, ndo "admiral". Lile "al" la mwisho ni kipande cha Kiarabu, amir al, kamanda wa kitu fulani, Wazungu wakabeba kichwa na kiungo wakaacha mwili nyuma.

Na mashabiki wa Arsenal tulieni hapa kidogo. Dar as-sina'a, nyumba ya kutengenezea vitu. Dar mwaijua, nyumba, na sina'a ni ule mzizi wa sanaa yetu. Waitaliano wa Venice wakaikunja ikawa arsenale, karakana ya meli za kivita, Waingereza wakasema "arsenal", ghala na kiwanda cha silaha. Klabu yenyewe ilianzishwa 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, London, ndo sababu ya mzinga kwenye nembo na jina la utani la Gunners. Kwa hivyo dar na sanaa, ya kombe mtajijibia wenyewe.

Sifuri imezaa watoto wawili. Hesabu za Kiarabu zilipoingia Italia, na Fibonacci wa Pisa aliziandikia kitabu mwaka 1202, sifr ikapita njia moja ikawa "zero" na njia nyengine ikawa "cipher", maandishi ya siri. Kutoka hapo wapata "decipher", kufumbua maandishi yasiyosomeka, kama yale ya daktari kwenye karatasi ya dawa.

Sasa msimu. Kiarabu mawsim, wakati maalum wa mwaka, na kwa mabaharia wa hapa wakati wenyewe ni wa pepo, kaskazi ikivuma kuanzia Disemba hivi majahazi yaja kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikishika kuanzia Aprili yarudi. Wareno walisikia neno kwa mabaharia wakalifanya monção, Waholanzi wakalipokea, Waingereza wakafika na "monsoon". Lakini angalia mtego, kwa Kiingereza cha leo hasa cha India, "monsoon" ni mvua, zile za Juni mpaka Septemba. Ukimwambia Mhindi "mango monsoon" atafikiri maembe yanyesha. Msimu wa maembe ni "mango season".

Na sharubati. Ndugu yake ni "sherbet", imepitia Uturuki. Lakini ukiwa weita usimwambie mgeni "passion sherbet" ukimaanisha juisi. Mwingereza akisikia "sherbet" afikiria ule unga mtamu wa watoto unaochemka ulimini, Mmarekani afikiria kitu cha baridi kama aiskrimu. Neno moja, wageni wawili meza moja, na kila mmoja angojea kitu tofauti. Andika "juice" uokoke.

Kuna watu watakwambia kila neno la Kiingereza lenye "al" mwanzo ni la Kiarabu. Hapana. "Algebra", "alkali", "alcove" ndio, na "alcohol" pia ndio, tena hiyo ilitokana na al-kuhl, wanja wa macho, unga uliosagwa ukawa laini kabisa, alafu wataalamu wa kemia wakaivuta maana mpaka kwenye vitu vilivyochujwa kwa mvuke. Wanja wenyewe kwa Kiingereza waitwa "kohl", dada wa salon liweke hilo. Lakini "alarm" ni Kiitaliano, shikeni silaha, na "album" ni Kilatini. Usibahatishe, angalia.

Kurasa za Wahindi

Hapa historia ni ya biashara iliyogeuka utawala. Kampuni ya Waingereza ya East India ilisajiliwa 1600 kuuza na kununua, baada ya vita vya Plassey 1757 ikawa inatawala Bengal na kukusanya kodi, na maneno yaliyopanda meli kurudi London yaonyesha kilichokuwa kikifanyika. "Loot" ni Kihindi, kupora. "Bungalow" ni nyumba ya mtindo wa Bengal. "Thug" ni thag, tapeli au mnyang'anyi wa njiani, likaenea Uingereza baada ya serikali ya kikoloni kuwaandama wanyang'anyi hao miaka ya 1830. Hilo la mwisho linakili pia kule nyuma kwenye MANENO YA KUCHUNGA, manake Marekani ya leo kijana mweusi akiitwa "thug" kwenye habari watu wengi wasikia ubaguzi ndani yake, hata kama kamusi yasema ni mhalifu tu.

"Shampoo" yatoka neno la Kihindi la kukanda, kuminya mwili. Mwanamume wa Patna, Sake Dean Mahomed, ndo aliyewazoesha Waingereza, mwanzoni mwa karne ya 19 alifungua bafu za mvuke pale Brighton akiwakanda watu wakubwa mpaka mfalme George wa Nne, na kazi hiyo ndo ilikuwa "shampooing". Baadaye maana ikahamia kichwani na kwenye chupa.

Chai nayo. Wachina wenyewe wana matamshi mawili, wa pwani ya Fujian wasema te, kwengineko ni cha. Waholanzi walinunulia kwa watu wa Fujian, wakaleta Ulaya kwa meli, Waingereza wakapata "tea". Cha ikapita nchi kavu mpaka Uajemi ikawa chay, na sisi tukawa na chai. Lakini siku hizi Kiingereza kimelichukua na "chai" pia, na maana yake ni ile ya masala tu. Mgeni akikuomba "chai" pale hotelini ukimpa strungi atakuangalia. Strungi ni "black tea". Na ukiona menyu imeandika "chai tea" wacha wajisemee.

Marikiti ndo darasa

Nenda Marikiti, au Kongowea kama uko upande ule, na simu yako, chukua mboga mbili tu. Biringani kwanza. Mwingereza asema "aubergine", Mmarekani "eggplant", Mhindi akiongea Kiingereza chake asema "brinjal". Ukiondoa hiyo ya Mmarekani iliyotokana na yai, nyengine zote pamoja na biringani yetu ni neno moja la Kiajemi lililopita kwa Waarabu, badhinjan, moja limezunguka Uhispania na Ufaransa, jengine Wareno wamelibeba mpaka India. Kwa hivyo ukisikia mtu atumia lipi, washajua amekulia wapi au amesomea wapi, na menyu yako waweza kuiandika kulingana na wageni wako ni nani.

Ya pili mabenda, au bamia. Kwenye mkahawa wa Kihindi itaandikwa "bhindi", jina ambalo ukilisikia wasikia mabenda yetu humo. Waingereza wa zamani wasema "lady's fingers". "Okra" ni Kiigbo cha Nigeria, na "gumbo" ni lugha za Kibantu za Angola, na yote mawili yalifika Marekani na watu waliotekwa wakauzwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki. Leo "gumbo" ni ule mchuzi mzito wa Louisiana, wajivunia kama sisi na biriani. "Banjo", ile ala ya nyuzi, wengi wanaitoa upande huo huo wa Angola. Ukisoma maneno haya na historia yake ndo "plantation", "the Middle Passage" (ile safari ya meli za watumwa kuvuka Atlantiki), "emancipation" na "Juneteenth" yaacha kuwa msamiati wa mtihani. Hiyo ya mwisho ni tarehe 19 Juni 1865, siku watu wa Galveston, Texas, walitangaziwa kwamba wako huru, "June" na "nineteenth" zikabanwa pamoja.

Fort Jesus, na kile kibao usichokisoma

Wengi wetu tumeingia Fort Jesus na shule, tukakimbia huku na huku tukatoka. Rudi peke yako na daftari. Wareno walianza kuijenga 1593, na maneno yote ya ngome kwa Kiingereza yako pale mbele ya macho: "moat" ni lile handaki kavu unalovuka kuingia, "rampart" ni ukuta mnene unaoweza kutembea juu yake, "bastion" ni zile pembe zilizotokeza nje ili wapiga mizinga waone ubavuni mwa ukuta, "garrison" ni askari waliowekwa kulinda. Alafu "siege", na hapa usipite mbio. Omani waliizingira ngome kuanzia 1696 mpaka mwisho wa 1698, watu wakafa kwa njaa na maradhi zaidi ya risasi. Ukishasoma hiyo hutachanganya tena "siege" na "seize", moja ni kuzingira na kungojea, moja ni kukamata kwa nguvu. "Shipwreck" nayo ipo, meli ya Kireno Santo António de Tanna ilizama hapo mbele ya ngome 1697, na vitu vilivyotolewa baharini viko kwenye makumbusho ya ndani.

Gereza ni neno la Wareno, igreja, kanisa. Kwa Kiingereza jamaa zake ni "ecclesiastical", mambo ya kanisa. Na Waingereza nao wakaigeuza ngome nzima kuwa gereza, kutoka 1895 mpaka 1958.

Ukiwa hapo hapo jifunze tofauti ya "colony" na "protectorate", manake kwenye vitabu vya historia ya Kenya zinatumika pamoja na watu wanazisoma kama kitu kimoja. Ukanda wa maili kumi wa Pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakauongoza kwa mkataba wa 1895 wakimlipa kodi, bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea. Bara ikawa "colony" 1920, sisi tukabaki "protectorate" mpaka 1963. Wazee wa Mji wa Kale hiyo hawahitaji kamusi.

MANENO YA KUCHUNGA

Hizi kurasa za nyuma ndo nazikagua zaidi kwa wanafunzi wangu.

Kuli. Kilindini kuli ni mtu na kazi yake ya kubeba mizigo, mtu ajitambulisha nayo bila tabu. Lakini "coolie" kwa Kiingereza limebeba kitu chengine, ndo jina walilopewa vibarua wa Kihindi na Kichina waliosafirishwa kwa mkataba kwenda kukata miwa na kujenga reli duniani kote kuanzia miaka ya 1830, na hata reli yetu, ile ya Mombasa mpaka Kisumu ya 1896 mpaka 1901, ilijengwa na Wahindi kama 32,000 hivi na karibu 2,500 wakafa. Ukimwita mtu "coolie" Afrika Kusini au Trinidad ni tusi. Wewe andika "porter" au "dock worker", na vibarua wa zamani waite "indentured labourers".

Kafiri twalisikia msikitini na ni neno la dini. Sura yake ya Kiingereza ya Afrika Kusini lakini ni tusi kubwa la ubaguzi, watu wameshtakiwa mahakamani kwa kulitamka, kwa hivyo usiliandike popote kwa Kiingereza hata kwa utani. "Half-caste" kwa chotara, wacha, sema "mixed race". "Native" ina ujanja wake, "native speaker" ni sawa na "Native American" ni sawa, lakini "the natives" ukimaanisha wenyeji wa Afrika yanuka ukoloni. "Tribe" Wakenya twalitumia hovyo tu, ila ukiandikia watu wa nje "community" ama "ethnic group" yapita vizuri zaidi. Mganga usimwite "witch doctor", hilo lilitungwa na watu waliokuwa wakimcheka, "traditional healer" latosha.

Na utumwa. Siku hizi waandishi wengi wa Kiingereza wapendelea "enslaved people" badala ya "slaves", kwamba mtu alifanywa mtumwa, hakuzaliwa kitu. Waweza kukubali au kukataa, lakini ulijue, watalii wenye asili ya Afrika wakija Freretown wataliuliza. Pale palianzishwa miaka ya 1870 na wamishonari kwa watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na ile kengele ndo imeipa Kengeleni jina. Wewe ukiwa mtembeza watalii jua "freed" ni aliyeachwa huru, "freeborn" ni aliyezaliwa huru, "abolition" ni kufuta utumwa kisheria, ambapo hapa Pwani ya Kenya ilikuwa 1907, na "manumission" ni bwana kumuachilia mtu wake mwenyewe kwa hiari.

Kurasa za Waafrika

Hizi ni fupi ila zinachangamsha darasa. "Safari" kwa Kiingereza ni ya kuangalia wanyama, zamani ya kuwinda, kwa hivyo usiseme "I had a safari to Malindi" kama ulienda harusini, sema "trip" ama "journey". "Jenga" ni ule mchezo wa vibao, Leslie Scott aliyekulia Afrika Mashariki aliutoa London 1983. "Kwanzaa" ilianzishwa Marekani 1966 kutoka matunda ya kwanza. Na "chikungunya", ule ugonjwa wa viungo uliotusumbua Mombasa mwisho wa 2017 kuingia 2018, ni Kimakonde, kile kinachokunja, ulitambuliwa Tanganyika 1952 na sasa madaktari wa dunia nzima watamka Kimakonde bila kujua.

Usiamini kila meseji ya grupu

Hii njia ina hatari moja, stori tamu za uongo. Ya kwetu maarufu ni boma, ati ni herufi za British Overseas Management Administration. Uongo, boma limeandikwa kwenye vitabu vya wasafiri kabla hata Waingereza hawajatawala huku. Ya Waingereza ni "posh", ati ni herufi za "port out, starboard home" kwenye tiketi za meli za kwenda India, upande wa kivuli kwenda na kurudi. Hakuna aliyewahi kuonyesha tiketi hiyo. Ukiona neno la zamani laelezwa kwa herufi za mwanzo mwanzo shuku kwanza.

Kwa kuangalia tumia Etymonline, ni ya bure na haili bando sana, na Wiktionary kwa kulinganisha. Ukisoma pale, "from" na "via" zakuonyesha njia, "cognate" ni ndugu wa ukoo mmoja, "probably" maana yake hata wao hawana hakika basi nawe usijitie hakika. Alafu fungua kamusi ya kawaida uangalie alama, "dated" limepitwa na wakati, "archaic" limekufa, "offensive" na "derogatory" peleka kurasa za nyuma moja kwa moja.

Maneno matatu kwa siku yatosha, usilewe. Asubuhi chagua neno, mchana litafute liko wapi, kwenye gazeti, kibao, kontena, menyu, usiku barazani muelezee mtu njia yake kwa Kiswahili. Ukishindwa kueleza kwa Kiswahili hujalijua. Kila Jumapili funika upande wa Kiingereza usome wa Kiswahili tu, uone yanarudi mangapi.

Kama wataka neno la kuanzia leo, anza na "average". Shuleni ni wastani. Nenda kaulize mtu yeyote wa kliaring nini maana ya "general average", atakueleza kwamba meli ikipata shida baharini, mzigo wa wengine ukatupwa au gharama ikaingia ili kuiokoa, wenye mizigo wote na mwenye meli wagawana hasara, kama ilivyotangazwa kwa ile Ever Given iliyoziba mfereji wa Suez Machi 2021. Kiitaliano ilikuwa avaria, hasara ya mzigo, na wataalamu wengi wanaitoa kwa Kiarabu, bidhaa iliyoharibika. Kutoka kugawana hasara sawa sawa ndo ikafika kwenye hesabu za darasani. Liandike ukurasa wa kwanza, na sentensi muombe huyo huyo wa kliaring akupe ya kwenye makaratasi yake.